Nyumba Iliyohesabu Senti Mbele ya Watoto

Katika nyumba nyingi za Nakuru, na za miji mingine ya Kenya, yapo mambo mawili ambayo watoto hawaambiwi: siku watakayokufa wazazi wao, na kiasi cha mshahara wa baba. La kwanza hakuna alijuaye. La pili baba analijua hata usingizini, lakini hulificha kana kwamba ni dawa ya panya. Mtoto huona tu kwamba mwezi ukiwa mchanga kuna nyama, na ukizeeka kuna sukuma wiki; na akiuliza sababu huambiwa anyamaze ale.

Nyumba moja ya mtaa wa Kaptembwa iliiacha desturi hiyo mwaka 2023. Haikuiacha kwa sababu ya hekima kubwa, bali kwa sababu ilishindwa kuifuata. Baba wa nyumba hiyo ni seremala wa kuajiriwa katika karakana ya vitanda na makabati, na mshahara wake ulikuwa shilingi 21,000 kwa mwezi. Mkewe hukaanga mandazi alfajiri na kuyauza langoni. Watoto ni watatu: binti aliyekuwa amefanya mtihani wa KCPE mwishoni mwa mwaka 2022, kijana wa darasa la sita, na kitinda mimba aliyekuwa akijifunza kusoma. Nyumba ya namna hiyo si maskini wa kuombaomba wala si tajiri, na labda ndiyo maana husahauliwa na wanaoandika habari za maskini na za matajiri.

Mwanzoni mwa mwaka seremala huyo, baada ya kukatwa shilingi 750 za bima ya hospitali na shilingi 200 za mfuko wa uzeeni, alikuwa akipokea shilingi 20,050. Mwezi wa Februari 2023 sheria mpya ya NSSF ikaanza kutumika, na mchango wa mtu mwenye mshahara kama wake ukapanda kutoka shilingi 200 hadi 1,080. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka huo, pamoja na ada ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani shilingi 315 nyingine. Mshahara haukupungua hata senti moja katika kitabu cha mwajiri. Lakini mkononi zikawa shilingi 18,855. Fedha za uzeeni si fedha zilizopotea, na mwenyewe alilikubali jambo hilo. Ila uzee wake ulikuwa mbali, na mwenye nyumba alikuwa akibisha mlango kila tarehe tano.

Jambo lililoivunja ile desturi ya kunyamaza lilikuwa barua ya shule. Binti yule aliitwa katika shule ya bweni ya mbali, ambayo karo yake kwa mwaka ilikuwa shilingi 40,535. Jirani zake walikuja kupiga vigelegele. Baba yake akaingia chumbani, akaichukua kalamu yake ya useremala, akaona kwamba karo hiyo ilikuwa mishahara yake miwili mizima na shilingi 435 juu yake, kabla ya kununua godoro, sanduku, sare na viatu. Kwa upande mwingine ilikuwapo shule ya kutwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu, ambako Serikali wakati ule ilikuwa ikitenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mzazi hulipa chakula cha mchana na vitu vingine vidogo vidogo.

Kwa siku tatu baba hakusema neno. Alijaribu kwanza njia wanayoijaribu wengi, yaani mikopo ya simu. Alipata shilingi 1,000 hapa, shilingi 2,000 pale, na kila aliyemkopesha alitaka kulipwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mkewe alipouona ujumbe wa tatu katika simu, akamwambia, “Baba watoto, unakopa ili usimwambie mtoto ukweli. Mwambie; ukweli hautozi riba.” Usiku ule daftari la kurasa 96 likawekwa mezani, taa ikasogezwa, na watoto wote watatu wakaitwa.

Baba aliyaandika yote kwa herufi kubwa: mshahara na makato, kodi ya nyumba shilingi 4,500, nauli ya kwenda kazini na kurudi shilingi 100 kwa siku, unga, makaa, mafuta ya taa, maji ya mitungi. Akaandika pia faida ya mandazi, ambayo mkewe hakuwa ameitaja kwa mtu yeyote, na ikaonekana kuwa kodi ya nyumba, miezi mingi, ilikuwa ikitoka katika karai la mafuta. Hilo lilimshangaza baba kuliko mtu mwingine yeyote aliyekaa pale. Halafu akamsukumia bintiye daftari, akamwambia atoe karo ya bweni katika jumla ile aone kinachobaki. Binti alitoa, akarudia, akatoa tena. Akasema, “Basi, Baba,” akaenda kulala bila kula. Tarehe 6 Februari 2023, siku ambayo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliripoti shuleni, yeye alikwenda kwa miguu na mkoba wa nduguye.

Habari hiyo ilipofika Njoro kwa mama yake seremala, bibi kizee alipanda gari siku ya pili, akiwa na viazi vya debe zima na maneno ya debe jingine. Alisema kwamba katika ukame wa mwaka 1984, mahindi ya manjano yalipoletwa kutoka ng’ambo, yeye aliwapikia watoto wake yale mahindi bila kuwaeleza lolote, na hakuna mtoto aliyejua kwamba kulikuwa na njaa. “Mtoto akimjua babaye kwa umaskini,” alisema, “atamheshimu kwa lipi?” Mwanawe akamjibu kwa upole, “Mama, sisi tulijua. Tulikuwa tukinyamaza ili wewe usijue kwamba tunajua.” Bibi hakulijibu neno hilo. Alimenya viazi mpaka jua likatua.

Kupunguza matumizi kuna namna zake, na namna za nyumba ile zafaa kutajwa kwani hazikutoka katika hotuba ya mtu. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa ikikaribia shilingi 200, kwa hiyo waliacha unga wa pakiti, wakanunua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka mashine ya kusaga; kijana wa darasa la sita ndiye aliyekuwa mchukuzi, na malipo yake yalikuwa kuruhusiwa kuitazama ile injini. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha ili yasile makaa. Mwezi wa Septemba bei ya mafuta ya taa ilipopita shilingi 200 kwa lita mjini Nairobi, nao Nakuru wakaumia vilevile, taa ikawa moja tu, na kila mwenye kazi ya kusoma au kushona akaifuata ilipo. Baba aliacha kupanda matatu. Kwa siku 26 za kazi aliokoa shilingi 2,600 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya yale makato mapya. Lakini ni haki kuandika pia kwamba soli za viatu vyake zilibadilishwa mara mbili mwaka ule, na kwamba siku za mvua alifika kazini mwenye baridi na hasira.

Lakini pana jambo ambalo wale wanaosifu uwazi wa fedha nyumbani hawalisemi. Mwezi wa Juni mama aliitwa shuleni kwa mwalimu wa kitinda mimba. Mwalimu alimwonyesha daftari la mtoto: kurasa tatu zilikuwa zimeandikwa, kisha zikafutwa kwa mate na kidole, kisha zikaandikwa tena juu yake. Penseli ilikuwa imebaki urefu wa kucha. Mtoto alipoulizwa kwa nini hakusema nyumbani, alijibu kwamba alikuwa ameona katika kitabu cha Baba kwamba hakuna mstari wa penseli.

Mama alilia njiani. Penseli ile ilikuwa shilingi 10, bei ya andazi moja. Hapo wazazi wakatambua kwamba mtoto akipewa hesabu ya nyumba huweza kuibeba kama mzigo wake, akaanza kujikata mwenyewe kama mshahara unavyokatwa. Bibi wa Njoro hakuwa amekosea katika yote. Hata hivyo hawakulifunga daftari. Walifanya jambo dogo: waliufungua ukurasa wa nyuma, wakauita ukurasa wa watoto, na kila Jumapili kila mtoto alitakiwa kuandika humo jambo moja analolitaka, apende asipende, hata kama alijua jibu. Yalisomwa kwa sauti. Mengine yalipewa jibu la “ndiyo”, mengine “bado”, na mengine yalichekwa na wote pamoja na mwenyewe, kwa mfano kijana alipoandika kwamba anataka injini ya kusagia. Neno “hapana” lilisemwa na baba peke yake, tena kwa kueleza.

Msomaji asidhani kwamba mwaka wote ulikuwa wa makaa na penseli. Jumapili moja katika kila mwezi, watu watano wa nyumba hiyo, na bibi akiwapo wa sita, walichukua chai ndani ya chupa na mahindi ya kuchemsha, wakaondoka asubuhi na mapema kwenda kuliona bonde la Menengai. Ni safari ndefu kwa miguu ya mtoto, nayo ni ya kupanda. Ukifika ukingoni, nchi hukatika ghafula, na chini yako kuna shimo la volkano lenye upana wa kilomita nyingi, miti na mawe meusi, na mvuke mweupe ukipaa kutoka katika visima vya joto la ardhi vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2011. Watu waliozaliwa Nakuru huweza kuishi miaka 30 bila kwenda kulitazama, maana liko karibu mno. Bibi alilitazama kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa, akakaa juu ya jiwe, akauliza ni nani aliyekuwa amemficha kitu kama hicho.

Nyumbani nako baba alitengeneza ubao wa drafti kwa vipande vya mbao vilivyotupwa karakanani, na vifuniko vya soda vikawa wachezaji. Mama, ambaye hakuna aliyemdhania, aliwashinda wote kwa wiki nne mfululizo. Na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, redio ya jirani ilitangaza kwamba Faith Kipyegon, mtoto wa Keringet katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru, alikuwa amekimbia mita 1,500 mjini Florence kwa dakika 3 na sekunde 49.11, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Binti wa Kidato cha Kwanza alitoka mbio kuwaeleza watu wa ploti nzima, hata waliokuwa wamekwisha kusikia. Tangu siku ile aliacha kutembea kwenda shuleni. Alikimbia, na mkoba ukimpiga mgongoni.

Hata hivyo, uchungu wake haukwisha kwa mbio. Likizo ya Agosti ilipofika, rafiki yake aliyekwenda ile shule ya bweni alirudi mtaani amevaa sweta yenye nembo, na binti yule alikaa ndani siku mbili akisema kwamba kichwa kinamuuma. Wazazi hawakumtoa kwa nguvu wala hawakumhubiria. Siku ya tatu alitoka mwenyewe, akakuta rafiki yule amekaa karibu na karai anakula mandazi na kusimulia jinsi maharagwe ya bweni yalivyo na mawe. Alicheka, ingawa si sana. Katika ukurasa wa watoto, Jumapili ile, aliandika neno moja, “Bweni”, na baba yake akaandika pembeni, kwa mkono wake, “Bado.”

Mama alikuwa katika chama cha wanawake 20, ambacho kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki, na mmoja hupewa shilingi 4,000 kwa zamu. Zamu yake iliangukia wiki ya pili ya Desemba. Kati ya fedha hizo, shilingi 2,300 zililipa deni la chakula cha mchana cha binti, shilingi 900 zilinunua viatu vya kijana, na zilizobaki zikawa unga wa ngano, mafuta, na kuku mmoja ambaye bibi alisema ni mwembamba mno akaongeza wake kutoka Njoro. Siku ya Krismasi chapati zilisukumwa kwa chupa juu ya ule ubao wa drafti uliogeuzwa. Kitinda mimba alihesabu chapati 41, akaziandika katika daftari bila kuambiwa na mtu.

Daftari lile lilijaa, likanunuliwa jingine. Shule zilipofunguliwa tarehe 8 Januari 2024, baba alimkabidhi bintiye kazi ya kuandika, kwani mwandiko wake ni mzuri zaidi na hesabu zake hazikosei. Mwezi wa Februari mchango wa NSSF ukapanda tena, kutoka shilingi 1,080 hadi 1,260. Binti aliuandika mstari huo kwa wino mwekundu, akatoa shilingi 180, akamwuliza baba yake kama viatu vyake vitafika Aprili.