Mji Uliobadilishwa Usiku Mmoja



Juma lililopita alitujia kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Tulimkaribisha kiti, tukaagiza chai, tukaanza kuulizia habari za nyumbani. Nyumbani kulikuwa kwema. Kilichokufa, kwa maelezo yake, ni mchezo. Kwa miaka minne alikuwa akicheza kwa njia ya intaneti, pamoja na watu kumi ambao hajapata kuwaona kwa macho, mmojawapo wa michezo ile ambamo kila mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, fundi au mganga, na kuishi humo na maelfu ya wengine. Wenye mchezo walibadili kanuni, na ndani ya miezi miwili kikundi chao kikasambaratika. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Zamani yeye alikuwa mganga wa kundi. Sasa kila mmoja anaweza kujitibu mwenyewe. “Padre,” alituambia, “hakuna tena sababu ya kuitana.”

Tukiri kwamba nusura tucheke. Tulijizuia kwa kuwa huzuni yake ilikuwa ya kweli, na tangu siku hiyo tumesoma juu ya michezo hii kuliko inavyompasa paroko mwenye hesabu za paa linalovuja mezani pake. Tumefikia maoni fulani, nayo tunawashirikisha.

Tuanze na EverQuest, uliotoka Marekani mwezi Machi 1999. Kwa vipimo vya leo ulikuwa mchezo mkali hata wa kuudhi. Mhusika alipouawa, mwili wake ulibaki pale alipoangukia pamoja na mali zake, naye akapaswa kurudi mikono mitupu kuutafuta, mara nyingi asiweze kufika bila wenzake. Safari zilikuwa ndefu. Wapo wahusika wachache waliojaliwa uwezo wa kuwasafirisha wengine kwa nguvu za ajabu, nao waliombwa, wakabembelezwa, wakalipwa. Soko halikuwepo, hivyo katika seva nyingi wachezaji wenyewe walichagua handaki moja katika nchi iitwayo East Commonlands, wakaligeuza gulio, wakinadi panga na nguo kwa kupaza sauti, wakipatana bei hata usiku wa manane.

Desemba 2001 wabunifu waliongeza soko rasmi, ambamo mchezaji aliweza kumwacha mhusika wake amesimama akiuza huku mwenyewe amelala. Oktoba 2002 wakaongeza milango ya kusafiria, kila mtu akajipeleka atakako. Yote mawili yalikuwa nafuu ya kweli, na hatudhani kuna aliyelia siku ile. Lakini handaki likabaki tupu, na wale wasafirishaji hawakuwa tena na wa kumbeba. Adha iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikimfanya mtu amtafute jirani yake. Sisi tuliokulia katika jumuiya ndogondogo tunalifahamu jambo hili pasipo kufundishwa: watu walioazimana moto na chumvi hujuana kuliko wale wenye kila kitu ndani ya ukuta wao.

Mfano mzito zaidi ni Star Wars Galaxies, uliofunguliwa Juni 2003. Wabunifu wake, wakiongozwa na Raph Koster, waliweka humo kazi zaidi ya thelathini, na nyingi kati ya hizo hazikuhusu vita hata kidogo. Silaha, nguo na nyumba, karibu vyote vilitengenezwa na wachezaji; na kwa kuwa vilichakaa, fundi hakukosa mteja. Mpiganaji aliyechoka vitani ilimbidi aingie kilabuni, aketi, awatazame wacheza ngoma na wapiga muziki mpaka uchovu umtoke, nao walikuwa watu kama yeye, si picha za mashine. Wachezaji walijenga miji yao, wakawachagua mameya kwa kura. Pigeni picha, wapendwa: mtu anarudi kutoka kazini jioni, anawasha kompyuta, na kazi yake huko ni kupiga zumari ili mwenzake apumzike. Anasalimiwa kwa jina. Anangojewa.

Mchezo ule ulikuwa na kasoro nyingi, na idadi ya wachezaji haikuwaridhisha wenye mali, hasa baada ya World of Warcraft kutoka Novemba 2004 na kuvuta mamilioni. Hapo kampuni ikaamua kubadili. Mwaka 2005 ilibadili kwanza mfumo wa mapigano; kisha tarehe 15 Novemba mwaka huohuo ikageuza karibu kila kitu. Kazi zaidi ya thelathini zikawa tisa. Wafugaji wa wanyama wa porini, kwa mfano, waliamka na kukuta kazi yao haipo. Ujedi, ambao watu waliutafuta kwa miezi mingi ya jasho, ukawa chaguo la mgeni wa siku ya kwanza. Tena kampuni ilikuwa imetoka kuuza nyongeza mpya ya mchezo mwanzoni mwa mwezi huo, ikatangaza mageuzi siku chache tu baada ya kuiuza. Kelele zikawa kubwa hata ikalazimika kuahidi kuwarudishia fedha walioinunua. Wengi waliondoka. Miji iliyokuwa na mameya ikabaki nyumba tupu. Seva zilizimwa tarehe 15 Desemba 2011, na wapenzi wa mchezo ule wameandika wenyewe programu za kuurudisha ulivyokuwa kabla ya mwaka ule wa 2005.

Tumejiuliza kosa lilikuwa wapi hasa. Kubadili si kosa. Kisichobadilika hufa, na wenye mchezo wana mishahara ya kulipa. Maoni yetu ni kwamba walidhani wanamiliki kitu kizima, kumbe walimiliki kuta tu. Mazoea yaliyojengwa ndani ya kuta zile, nani anamtibu nani, nani anamngoja nani, yalikuwa ya watu, na watu hawakuulizwa. Hapa tunajisema na sisi. Tuliwahi kusogeza Misa ya kwanza kwa nusu saa, tena kwa sababu nzuri kabisa, na ilituchukua muda kugundua kwamba wazee kadhaa walikuwa wakija pamoja na mwenye gari mmoja ambaye saa mpya haikumfaa. Kwenye karatasi yetu ilikuwa nusu saa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kusifu taabu ya zamani. Tarehe 8 Desemba 2009 World of Warcraft ulileta utaratibu wa mashine kumtafutia mchezaji wenzake wanne wa kuingia nao mapangoni, kutoka seva mbalimbali. Kabla ya hapo uliwatafuta mwenyewe, ukiita na kungoja, pengine saa nzima. Mwizi wa ngawira alijulikana seva nzima, na mwungwana vilevile. Baada ya hapo watu watano wasiojuana waliingia, wakaua, wakagawana, wakatawanyika hata bila kwaheri. Hilo ni hasara. Lakini mama aliyekwisha kuwalaza watoto akabakiwa na saa moja kabla ya usingizi, yeye zamani aliingia lini? Utaratibu mpya ulimfungulia mlango. Wanaolilia siku za kungoja mara nyingi ni wale waliokuwa na muda wa kungoja.

Na wachezaji wenyewe wamegawanyika. Toleo la zamani la mchezo huo lilirudishwa Agosti 2019, baada ya miaka ya madai, pamoja na ombi lililotiwa saini na zaidi ya watu 200,000 mwaka 2016. Lilirudi bila ile mashine ya kutafuta wenzi, watu wakafurahi. Matoleo ya zamani yalipofikia kipindi ambacho mashine ilikuwepo, kampuni ilisita kuirudisha. Mwaka 2023 ikairudisha. Mtu huyohuyo anaweza kuhitaji jirani na kuchoka naye ndani ya juma moja. Hatumlaumu.

Tunaloliona la kuigwa zaidi limetoka Uingereza. RuneScape ulikwisha kuwaudhi watu wake mara mbili: mwishoni mwa 2007 ulipofuta biashara huria ili kuwazuia wauza dhahabu haramu, na tena Novemba 2012 ulipogeuza mfumo wa mapigano. Mara zote mbili wenye mchezo hatimaye waliuliza. Walipiga kura, na mwaka 2011 biashara huria ikarudi. Februari 2013 karibu watu 450,000 walipiga kura ya kutaka toleo la mwaka 2007 lifunguliwe tena, likafunguliwa, na tangu hapo nyongeza mpya hupelekwa kwa wachezaji, isipite mpaka ikubaliwe na asilimia 75; kuanzia 2022 ni 70. Kwa miaka mingi sasa toleo hilo la zamani limekuwa na wachezaji wengi kuliko jipya. Tunakubali kwamba kura ina ubaya wake: wanaopiga ni waliobaki, si waliokwisha kwenda zao, wala wageni ambao bado hawajafika. Lakini aliyeulizwa akashindwa hukasirika kwa namna nyingine kabisa na aliyekuta mlango umehamishwa.

Tulimsimulia kijana wetu haya yote, kwa kirefu zaidi pengine kuliko alivyotaka, na chai ikapoa. Kisha tukamwuliza kama ana njia ya kuwapata wale kumi nje ya mchezo. Watatu alikuwa na anwani zao. Saba aliwajua kwa majina ya wahusika wao tu, nao walikuwa wameacha kuingia tangu mwezi uliopita.