Mgeni wa Siku ya Tatu na Jembe Lililolala



Wapendwa wasomaji wetu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulikaa barazani na kijana mmoja wa parokia yetu aliyekuja likizo kutoka Leicester, mji ulioko katikati ya Uingereza. Kazi yake huko ni kuwatunza wazee wasiojiweza. Tulizungumza mengi: baridi, zamu za usiku, bei ya pango, mama yake anayemsubiri aoe. Tulipomwuliza kama huwa anapiga kura wanapochaguliwa madiwani wa mji huo, alicheka kwa adabu. "Padre," alisema, "hayo ni mambo ya wenyewe. Sisi ni wapita njia."

Tulimwuliza amekaa huko miaka mingapi. Akasema sita.

Tangu siku hiyo jibu lake limekuwa likitusumbua. Si la kijana mmoja tu. Tumelisikia kwa wengi walioko ughaibuni, na kwa wazazi wao walioko hapa nyumbani wanaowausia watoto wasijiingize katika mambo ya watu. Basi juma hili tunataka kulipinga jibu hilo, na kulipinga bila kumung'unya maneno, kwa sababu tunaamini ni kosa linalovaa nguo za unyenyekevu.

Kwanza tuondoe ujinga wa sheria, maana ndiyo maficho ya kwanza. Wako wanaodhani kwamba kura ya Uingereza ni ya raia wa Uingereza peke yao. Sivyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, mwenye umri wa kutosha na kibali halali cha kuishi Uingereza, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura. Tanzania imo katika Jumuiya hiyo, Kenya imo, Uganda imo, na Rwanda iliingia mwaka 2009. Kijana wetu ana haki hiyo tangu mwezi aliposhuka kwenye ndege. Kwa miaka sita amekuwa na ufunguo mfukoni huku amesimama mlangoni akisema hana pa kuingilia.

Tena asitwambie habari ya kitambulisho. Ni kweli kwamba tangu Mei 2023 mpiga kura wa Uingereza anapofika kituoni hudaiwa kitambulisho chenye picha. Lakini pasipoti ya nchi yoyote ya Madola inakubalika, ile ile aliyoingia nayo nchini. Asiye na kitambulisho kinachokubalika hupewa cheti maalumu bila malipo akikiomba mapema. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na aliye zamuni siku nzima anaweza kuomba apige kura kwa njia ya posta. Mlango hauna komeo. Kilichofungwa ni nia.

Sasa tuzitazame sababu zenyewe moja moja.

Sababu ya kwanza: sisi ni wageni. Wazee wetu walikwisha kuijibu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe ili kumfukuza. Walisema hivyo kwa sababu aliyekula chungu kimoja na wenyeji kwa siku mbili amekuwa mtu wa nyumba ile, na mtu wa nyumba hulima. Kura ya diwani ndilo jembe la mji wa Leicester. Kijana wetu analipa kodi ya halmashauri kila mwezi. Hutembea katika barabara inayotunzwa na halmashauri, hutupa taka katika mapipa yanayozolewa kwa amri ya halmashauri, na wengi wa wazee anaowaogesha asubuhi hulipiwa matunzo yao na halmashauri. Mtu wa namna hiyo akijiita mgeni, hasemi kweli. Amekula, amelala, ametoa hata unga wa chungu kile. Kilichobaki ni kushika mpini.

Na katika miji yote ya Uingereza, Leicester ndio wa mwisho ambako mtu kutoka Afrika Mashariki angefaa kusema hivyo. Tukumbushane. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 walikimbilia Uingereza. Mwezi Septemba mwaka huo huo, halmashauri ya Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus, lililosomwa Kampala na Jinja, ikatoa tangazo la kuwasihi wasiende Leicester, kwa madai kwamba nyumba, shule na huduma za mji zimekwisha kuelemewa. Tafakarini jambo hilo. Watu wamenyang'anywa kila kitu, wanahesabu siku, na halmashauri ya mji wa mbali inagharimia tangazo la kuwaambia: kwetu msije.

Walikwenda. Inasimuliwa kwamba wengine waliisikia Leicester kwa mara ya kwanza katika tangazo lile lile la kuwazuia. Wakafungua maduka, wakafanya kazi viwandani, wakasomesha watoto. Hadi leo ukipita barabara ya Belgrave utauziwa mihogo ya kukaanga kwa jina la "mogo", neno walilolibeba kutoka kwetu. Lakini duka peke yake halikuwatosha. Katika uchaguzi wa madiwani wa mwaka 1976, chama cha National Front, kilichotaka watu wa rangi yao warudishwe walikotoka, kilipata asilimia 18 hivi ya kura za mji ule, ingawa hakikuambulia kiti hata kimoja. Je, siku ile wangekuwa na mawazo ya kijana wetu, ingekuwaje? Wangejifungia dukani wakisema hayo ni mambo ya wenyewe, nao wenyewe wangewaamulia.

Hawakujifungia. Walijiandikisha, wakapiga kura, wakaingia katika vyama, wakagombea. Mwaka 1987 Leicester ikampata Gordhan Parmar, mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kukalia kiti cha heshima cha meya wa mji. Mwaka 2008 kiti hicho hicho kikakaliwa na Manjula Sood, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kukipata katika Uingereza yote. Halmashauri iliyowalipia watu tangazo wasije ikawa na madiwani wenye majina ya watu wale wale. Jambo hilo halikuletwa na huruma ya mtu. Lililetwa na karatasi ndogo zilizotumbukizwa sandukuni, Alhamisi moja baada ya nyingine, kwa miaka.

Sababu ya pili: hizo ni kura ndogo, za mapipa ya taka. Wanaosema hivi hudhani kwamba uchaguzi wa maana ni ule wa kumpata waziri mkuu. Ndiyo maana katika chaguzi nyingi za madiwani Uingereza, wanaojitokeza ni kama theluthi moja tu ya walioandikishwa. Lakini waziri mkuu haji kumwogesha bibi kizee. Tangu mwaka 1997 halmashauri ya Leicester imekuwa mamlaka kamili: matunzo ya wazee na walemavu, ulinzi wa watoto wasio na pa kulelewa, nyumba za kupangisha kwa wanyonge, msaada kwa aliyekosa makazi, maktaba, barabara, yote yako mezani pake. Ukitaka kujua jinsi serikali inavyomtazama maskini, usiende bungeni. Nenda katika ofisi ya halmashauri Jumatatu asubuhi, uone foleni ya wanaoomba nyumba.

Na meza hiyo ikiharibika, anayeumia ni yule yule maskini. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham, mji mkubwa jirani, ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake. Novemba mwaka huo Nottingham, mji mwingine jirani, ukafuata. Mwaka 2024 kodi ya halmashauri ya Birmingham ilipandishwa kwa karibu asilimia 10, huku huduma zikipunguzwa. Hatusemi kwamba madiwani peke yao ndio wa kulaumiwa. Ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri ilikatwa sana katika miaka iliyofuata 2010. Tunachosema ni hiki: madiwani ndio wanaoamua kipi kikatwe kwanza, na huwa rahisi sana kukata cha yule asiyepiga kura. Huyo hana wa kumtisha.

Sababu ya tatu: hata tukipiga, mshindi anajulikana. Leicester yenyewe inaikanusha. Mwaka 2019 chama cha Labour kilitwaa viti 53 kati ya 54 vya halmashauri ile. Mtu angeapa kwamba mji umekwisha kuwa mali yao. Kabla ya uchaguzi wa Mei 2023, chama hicho kiliwazuia madiwani wake 19 kugombea tena kwa tiketi yake. Manung'uniko yakawa makubwa. Matokeo yalipotoka, Labour ilibaki na viti 31. Conservative, ambao mwaka 2019 hawakupata kiti, wakapata 17. Green wakapata 3, na Liberal Democrats 3. Hatuna chama katika hao, wala hatumsifu mshindi yeyote. Tunauliza tu: nani anathubutu kusema kura haibadilishi kitu, wakati viti 22 vilihama mikononi mwa chama kimoja kati ya uchaguzi mmoja na uliofuata?

Wapendwa, hapa tuongeze onyo, ili tusieleweke vibaya. Yupo anayeacha kupiga kura, na yupo anayeipiga vibaya. Agosti na Septemba 2022, sehemu ya mashariki ya Leicester iliona vurugu kati ya vijana Wahindu na vijana Waislamu, majirani waliokulia mitaa ile ile. Baada ya mambo kama hayo, wagombea wengine hushawishika kuhesabu watu kwa dini na kabila: hawa wangu, wale wako. Nasi Wakristo tusijidanganye kwamba tumepona ugonjwa huo. Diwani hachaguliwi ili awazolee taka Wakatoliki. Anachaguliwa kwa kata nzima, na katika kata hiyo yumo asiyesali nasi na asiyesali kabisa. Anayepiga kura kwa kabila amelishika jembe, lakini analima shamba la chuki. Kwa hiyo hatumwambii mtu ampigie nani. Tunamwambia asome, aulize, aende mikutanoni, kisha aamue kwa dhamiri yake mwenyewe.

Kanisa halijapata kuwa na utata katika hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, uliwakumbusha raia kwamba kura ni haki na tena ni wajibu, kwa ajili ya manufaa ya wote. Na zamani zaidi, nabii Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa utumwani Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wautafutie amani mji ule walioko. Hao walichukuliwa kwa nguvu, na mji ule ulikuwa wa adui. Kama wao waliambiwa wautakie mema, itakuwaje sisi tuliokata tiketi kwa hiari yetu, tukaombewa na parokia nzima tupate viza?

Tena lipo jambo moja la mwisho, na hili tulimwambia kijana wetu uso kwa uso. Tulimwuliza anaishi na nani pale mtaani. Akasema jirani yake wa ukuta ni mama Mkongo, mkimbizi, anayelea watoto wanne. Huongea naye Kiswahili ngazini na humletea sombe siku za Jumamosi. Mama huyo, mpaka apate uraia, hana kura, kwa kuwa Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola. Mrundi naye vivyo hivyo. Yeye ndiye anayeitegemea halmashauri kuliko wote: nyumba, shule ya watoto, msaada wa kodi. Ana haja yote na hana sauti. Jirani yake Mtanzania ana sauti na anasema haimhusu.

Tulimwambia: Mwanangu, usipoitumia kura yako kwa ajili yako, basi itumie kwa ajili ya mama huyo. Unakula sombe yake.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mtu anaweza kujiandikisha kwa simu. Tukamjibu kwamba inawezekana kwenye intaneti, kwa dakika chache, mradi asingoje mpaka siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi zianze kuhesabiwa, maana hapo daftari huwa limefungwa.

Nanyi wazazi mlioko hapa parokiani, mnapowapigia simu watoto Jumapili jioni, baada ya kuuliza kama wamekula na kama wameenda Misa, ulizeni na hili: je, jina lako limo katika daftari la mji unaokulisha? Siku mbili za ugeni zimekwisha. Jembe liko mlangoni.

Mungu awabariki, na awalinde wote walio mbali na nyumbani.