Chemsha Maziwa, Halafu Nini?

Kama umeishi Nairobi zaidi ya mwaka mmoja na hujawahi kuambiwa una taifodi na brusela, basi ama huugui ama hujui njia ya kliniki. Mimi nimeambiwa mara tatu. Mara ya mwisho niliingia kichwa kinanigonga, nikatolewa damu, nikakaa kwenye benchi dakika kumi hivi, nikaitwa. "Una brusela kidogo." Kidogo! Kama chumvi kwenye mboga. Nikapewa tembe za siku saba, nikalipa, nikashuka ngazi. Siku ya tatu homa iliisha, na nina hakika ingeisha hata kama ningekunywa uji tu.

Wakati huo huo mjomba wangu kule Narok alikuwa anaugua mwaka wa pili. Usiku jasho linamtoka mpaka shuka linalowa. Asubuhi anaamka vizuri, anapeleka ng'ombe malishoni. Wiki inayofuata mgongo unakataa, magoti yanakataa, hawezi hata kufunga zizi. Akapewa dawa za malaria. Akapewa za taifodi. Akapewa za maumivu ya mgongo. Majirani wakaanza kusema amekuwa mvivu, na kwa mfugaji hilo ni tusi linalouma kuliko homa yenyewe. Alipofika hospitali kubwa na kupimwa sawasawa, ilikuwa brusela. Dawa aina mbili, wiki sita, bila kuruka hata siku moja. Akauza fahali kulipia safari, vipimo na dawa.

Kabla hajatoka pale akapewa ushauri: "Mzee, chemsha maziwa."

Akanipigia simu jioni hiyo. "Maziwa hapa yanachemshwa tangu enzi za nyanya yako. Mwaka huu ng'ombe wangu wawili wameharibu mimba, na ndama niliwavuta mimi, kwa mikono hii. Sasa nifanye nini, nimchemshe na ng'ombe?"

Hilo swali sijalisikia likijibiwa na mtu yeyote mwenye ofisi.

Msinielewe vibaya. Chemsha maziwa. Kama unanunua ya kupimiwa dukani, chemsha. Kama unaletewa ya ngamia kutoka Isiolo na unaapa kwamba yakichemshwa yanapoteza ladha, chemsha na uvumilie. Bakteria wa brusela hufa kwa moto, hilo halina mjadala. Lakini moto wa jikoni unamlinda anayekunywa. Haumlindi anayekamua. Haumlindi anayemzalisha ng'ombe usiku, akishika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na hapo ndipo bakteria hujaa kuliko mahali pengine pote. Haumlindi mchinjaji. Haumlindi mtoto anayelala chumba kimoja na mbuzi waliozaliwa jana.

Ndiyo maana nasema "chemsha maziwa" imegeuka kisingizio. Ni njia rahisi ya serikali kuchukua kazi yake na kuiweka juu ya jiko la mama wa mtu. Ugonjwa ukiingia nyumbani, kosa ni la sufuria.

Na tusijifanye hatujui huko kunaishia wapi. Mwaka 1887, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa David Bruce alimtambua bakteria huyu kutokana na miili ya askari waliokufa kisiwani Malta. Jina brusela linatokana na jina lake. Mwaka 1905, daktari Mmalta, Themistocles Zammit, akagundua kwamba mbuzi wa kisiwa ndio waliokuwa wakimbeba. Mwaka uliofuata jeshi likaondoa maziwa ya mbuzi kwenye chakula cha askari, na ugonjwa kambini ukashuka ghafla. Ushindi, si ndio? Ila Wamalta wenyewe, waliolala na mbuzi wao na kuishi kwa maziwa yao, waliendelea kuugua kwa miaka mingi baadaye. Kambi ilipona, kijiji kikabaki na ugonjwa wake.

Sasa niambie sisi wa Nairobi na pakiti zetu za maziwa ni nani kwenye hiyo hadithi. Sisi ndio kambi. Mjomba ndiye kijiji.

Dawa ya kweli ya ugonjwa huu inaanzia kwa mnyama. Kwa binadamu chanjo hakuna. Kwa ng'ombe ipo, imekuwepo miaka mingi, na ndama jike huchomwa akiwa bado mdogo. Mbuzi na kondoo wana yao. Haihitaji mwanasayansi wa kutua kutoka mwezini. Inahitaji daktari wa mifugo, boksi la barafu, pikipiki, na mtu wa kulipa.

Hapo kwa mtu wa kulipa ndipo tunapokwama. Tangu serikali ilipoanza kujiondoa kwenye huduma za mifugo na kuziachia soko, mfugaji ameambiwa ajitegemee. Lakini fikiria hesabu yake. Anatoa pesa mfukoni kuchanja ndama, na anayekingwa ni pamoja na jirani yake, mchinjaji, na mimi niliyeko huku Nairobi nisiyemfahamu. Ni nani hulipa bili ya namna hiyo peke yake? Barabara hatumwambii mtu mmoja ajenge. Kwa nini kinga ya nchi nzima tumwachie mwenye ng'ombe wanne?

Halafu kuna suala la nani anamiliki ugonjwa. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Huduma za mifugo ni za kaunti. Zahanati ni za kaunti, lakini kwa kawaida zina ofisi tofauti na bajeti tofauti. Ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali kuu. Kwa hivyo ng'ombe ana mkubwa wake, mgonjwa ana wake, na nyati anayekula nyasi zile zile ana wake Nairobi. Bakteria hajasoma hilo jedwali. Mwaka 2015, kimeta kiliua nyati kwa mamia ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, mbuga yenye ua pande zote, kando kabisa ya mji. Mbegu za kimeta hukaa kwenye udongo kwa miongo. Na chanjo ya kimeta kwa mifugo inatengenezwa hapa hapa Kenya! Ila ng'ombe anahitaji kuchanjwa kila mwaka, na wengi tunakumbuka chanjo baada ya mizoga kuonekana.

Najua jibu la wenye ofisi: pesa hakuna. Lakini pesa zinatumika tayari, ni vile zinatoka mfukoni mwa watu maskini kwa hivyo hazihesabiwi. Fahali wa mjomba ni pesa. Miaka miwili ya kazi iliyopotea ni pesa. Hata zile tembe zangu za "brusela kidogo" ni pesa zilizotupwa, kwa sababu kipimo kile cha haraka kinajulikana kwa kuwapa ugonjwa watu wasio nao. Watafiti walipiga hesabu hii kwa Mongolia na kuichapisha mwaka 2003: ukijumlisha faida kwa wagonjwa, kwa familia zao na kwa wafugaji, chanjo ya mifugo inarudisha zaidi ya mara tatu ya gharama yake. Ukiangalia ng'ombe peke yake, unaweza kuona hasara. Ukimwangalia na binadamu aliye nyuma yake, ni biashara nzuri.

Kwa hivyo, wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu, mambo mawili. Ukiambiwa una brusela, uliza kipimo cha kuthibitisha kabla ya kumeza chochote. Na mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, kwenu mashambani au hapa mjini, usimuulize barabara tu. Muulize bajeti ya mwaka huu ina ndama wangapi wa kuchanjwa. Akicheka, mwambie habari ya mjomba wangu.

Mjomba amepona, kwa sasa. Mwezi uliopita ng'ombe mwingine alizaa usiku, na ndama akatoka hai, jike. Nilimuuliza kama alivaa glavu. Akanyamaza kidogo. "Glavu zilikuwa mjini," akasema, "na ndama alikuwa hapa."

Huyo ndama bado hajachanjwa.