Kunyoa Ndevu: Wembe au Mashine?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa sana na akina baba na vijana wanaofika kliniki wakiwa na vipele kidevuni na shingoni ni hili: Je, mtu mwenye ngozi isiyostahimili kunyolewa atumie wembe au mashine ya umeme? Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kujijibu. Wamesikia kwamba wembe ndio adui, wakanunua mashine, na vipele vimebaki palepale. Wengine wameambiwa kwamba mashine za vinyozi huleta magonjwa, wakarudi kwenye wembe, na sasa shingo imekuwa kama ngozi ya kenge.

Maoni yetu tunayatoa mapema ili msomaji asingoje. Kinacholeta vipele ni kunyoa karibu mno na ngozi, kiwe chombo cha umeme au cha mkono. Kwa mtu mwenye vipele vya ndevu, mashine inayoacha udevu mfupi juu ya ngozi ni bora kuliko wembe, ila iwe mashine yake mwenyewe. Tunaongeza na jambo la pili ambalo si la hospitali peke yake: mtu wa namna hiyo asilazimishwe na mwajiri wala mkuu wa shule kung'arisha kidevu.

Tueleze chanzo chake. Ndevu za wengi wetu Waafrika ni za kujisokota, na hata kitundu ambamo udevu huota ndani ya ngozi kimepinda. Udevu ukikatwa kwa wembe hubaki na ncha kali kama mkuki, na mara nyingi ncha hiyo huwa chini kidogo ya uso wa ngozi. Unapoota tena hujikunja na kuichoma ngozi ya pembeni, au hutoboa ukuta wa kitundu chake kabla haujatoka nje. Mwili huuona udevu huo kama mwiba na kuupiga vita. Ndipo hutokea vinundu vinavyowasha na kuuma, pengine vyenye usaha, na vikipona huacha madoa meusi. Vipele hivyo si uchafu, si ugonjwa wa zinaa, wala mtu hajarogwa. Havimwambukizi mtu mwingine. Tunalisema hili kwa mkazo kwa kuwa tumeona vijana waliokatiwa uchumba kwa ajili ya kidevu.

Wembe wa kisasa umezidisha shida. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilianza kuuza wembe wenye nyembe mbili katika kichwa kimoja, na baadaye zikaja zenye tatu na zaidi. Wembe wa kwanza huuvuta udevu juu, wa pili huukata kabla haujarudi, kisha udevu hujirudisha na kujificha chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni raha, kidevu kinakuwa laini siku nzima. Kwa mwenye ndevu za kujisokota ni kupanda miiba, tena kwa gharama kubwa kuliko ya wembe wa kawaida.

Basi mashine je? Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Iko mashine ya kunyolea ndevu yenye wavu mwembamba au vichwa vya duara, ambayo wengine huiita sheva. Jacob Schick wa Marekani alianza kuuza mashine za umeme za kunyolea ndevu mwaka 1931, na shabaha yake tangu mwanzo ni kufanya kazi ya wembe bila maji wala sabuni. Ukiikandamiza shavuni na kuivuta ngozi, itakata udevu karibu sawa na wembe, na vipele vitakuja. Iko pia mashine ya kukatia nywele yenye meno, ile ya kinyozi. Hii hukata udevu juu ya ngozi. Bila kichana huacha kiasi cha milimita moja au pungufu, na ikivishwa kichana ambacho vinyozi hukiita namba moja huacha kama milimita 3. Tunaposema mashine ni bora, tuna maana ya hii ya pili. Anayenunua sheva ya bei kubwa akidhani amenunua dawa amepoteza fedha zake.

Kijijini kusiko na umeme, mkasi mdogo na kitana vinatosha. Kitana kinalala juu ya ngozi, mkasi unakata kinachochomoza. Inachukua muda na haipendezi kama saluni, lakini tumeona shingo zilizopona kwa mkasi baada ya miaka ya wembe.

Sasa tuje kwa kinyozi. Mashine yake ikipita juu ya kipele hukikata kichwa na damu hutoka, hata kama mteja haioni. Mteja wa pili anapokaa kitini, meno yaleyale hupita juu ya vipele vyake. Virusi vya ukimwi havidumu sana nje ya mwili, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2002, kwa hiyo akina baba wengi wanaokaa kwenye viti vya vinyozi leo hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Tusisahau mapunye, ambayo watoto wetu huyaleta nyumbani kutoka saluni kila likizo.

Katika saluni nyingi kuna kisanduku chenye taa ya rangi ya buluu, na vinyozi huonyesha kwa fahari kwamba vifaa vyao "vimechemshwa". Sisi hatuna imani na kisanduku hicho. Mwanga wake hufanya kazi pale unapogusa tu, na meno ya mashine yaliyojaa nywele na mafuta yana pembe nyingi zisizouona. Kinyozi mwangalifu hutoa nywele kwanza kwa brashi, hufuta mafuta, kisha hupaka spiriti ya asilimia 70 ya kutosha kulowesha meno yote na kuiacha ikauke yenyewe, mteja akiwa anaona. Kitambaa kilichogusishwa spiriti tangu asubuhi na kufutia watu 20 hakina maana. Lililo salama zaidi ni mtu kuwa na mashine yake, au angalau kichwa cha mashine chake mwenyewe, na kwenda nacho. Kuna wanaoona haya kufanya hivyo. Mbona kila mtu ana mswaki wake?

Kwa habari ya wembe mmoja kunyolea ukoo mzima baada ya mazishi, tumekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huu na hatutarudia. Kila kichwa na wembe wake, basi.

Wapo ambao lazima watumie wembe, kwa kuwa hawana kingine au kwa kuwa vipele vyao ni vichache na wanavimudu. Hao watumie wembe mmoja wa kawaida ulio mkali na mpya. Waoshe ndevu kwa maji ya vuguvugu, wapake povu la sabuni na kuliacha dakika chache ili ndevu zilainike. Haraka ya asubuhi ndiyo inayoharibu watu wengi. Wembe ufuate ndevu zinakoelekea, na shingoni ndevu huelekea huku na huko, kwa hiyo mtu azipapase kwanza kwa kidole. Ngozi isivutwe, wala wembe usirudi mara tatu mahali palepale. Baadaye ni maji baridi tu. Spiriti na manukato ya kuchoma hayaui vipele, huongeza muwasho. Samsoni wa kitabu cha Waamuzi alikuwa na matatizo yake na wembe, lakini angalau hakuwa na haya.

Mwenye vipele vingi tayari aache kunyoa kabisa kwa wiki nne hadi sita. Wiki ya kwanza ni mbaya, muwasho unaweza kuzidi, na wengi hukata tamaa hapo. Ndevu zikirefuka hujitoa zenyewe ngozini. Udevu unaoonekana umejikunja uinuliwe taratibu kwa ncha ya sindano iliyochemshwa, bila kuung'oa, kwa maana ukiung'oa utaota tena kwa upotovu uleule. Vipele visikamuliwe. Vinundu vigumu vya kisogoni vinavyokua na kuwa kovu lililovimba visingojwe: mtu aache kuchongwa kisogo kwa wembe na aje mapema, kwa sababu kovu la namna hiyo likishakuwa kubwa kulitibu ni kazi ngumu hata kwa daktari wa ngozi.

Jambo linalotutia uchungu zaidi ni krimu. Kijana hununua dukani krimu yenye betamethazoni au klobetasoli, anapaka, na kwa siku chache vipele vinalala. Anafurahi, anaendelea kunyoa na kupaka kwa miezi. Tunampokea akiwa na ngozi nyembamba, mishipa imejitokeza na chunusi zimemjaa uso, na akiiacha krimu vipele hurudi kwa hasira. Dawa hizo zina kazi yake, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya mganga.

Katika upasuaji nako wembe umepoteza cheo. Kwa miaka mingi mgonjwa alinyolewa kwa wembe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba nywele zisiondolewe, na ikibidi kabisa ziondolewe kwa mashine ya kukatia, si kwa wembe. Sababu ni kwamba wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana ambamo vijidudu huingia. Kama ni hivyo kwa tumbo linalonyolewa mara moja, tufikirie shingo inayonyolewa kila asubuhi.

Ndiyo maana tunasema na waajiri. Wako walinzi, wahudumu wa hoteli na madereva ambao kidevu chenye udevu wa milimita mbili ni kosa la kupewa onyo. Wananyoa juu ya vidonda ili wasipoteze mkate wa watoto. Huko Marekani suala hili lilifika mahakamani: mwaka 1993 mahakama ya rufani ilisema kwamba kampuni ya piza iliyokataza ndevu haikuwa na haja ya kibiashara iliyothibitishwa ya kuwanyima nafuu wafanyakazi weusi wasioweza kunyoa kwa sababu ya vipele hivi. Hapa kwetu hatuhitaji mahakama. Mlinzi mwenye ndevu fupi zilizokatwa sawasawa analinda geti vilevile. Na tusiwanyoshee kidole wenye makampuni peke yao, maana shule zetu za Kanisa nazo huwarudisha nyumbani wavulana wa kidato cha tano na cha sita kwa kosa hilohilo, na mvulana hurudi amenyolewa, damu ikiwa kwenye kola ya shati. Kanuni ya usafi inaweza kusema "ndevu fupi na safi" na nidhamu isipungue hata kidogo.

Mwenye tatizo hili anaweza kuomba barua ya mganga katika kituo cha afya kilicho karibu naye, ikieleza kwamba ndevu zake zikatwe kwa mashine na zisinyolewe kwa wembe. Atakayekuja kuiomba asijinyoe kwanza ili aonekane nadhifu mbele yetu. Aje baada ya siku nne au tano bila kunyoa, na kama anapaka krimu yoyote aje na kopo lake.