Kura Haichongi Dawati

Mkulima wa Wingwi aliyetaka kumsomesha mwanawe kabla ya Mapinduzi aliujua uzito wa ada. Mzigo huo ulitangazwa kuondolewa tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipofanywa bila malipo Zanzibar nzima.

Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ina mlango wa namna nyingine. Tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria mwaka 1991, zimeenea skuli za mkataba: fedha ni za umma, uendeshaji ni wa bodi zinazojitegemea, ada hakuna. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura ya bahati nasibu. Mwenye ndugu aliyekwisha kuingia kwa kawaida hutangulizwa. Wanaokosa hungoja katika orodha.

Ni haki kukiri kwamba kura haimjui mtoto wa mkubwa wala wa kabwela, na kwa hilo inashinda kujuana. Lakini humfikia yule tu ambaye mzazi wake alipata habari mapema na kujaza fomu. Mama anayeshinda vibaruani je?

Wazazi wa vijiji vya Pemba, waliozoea kuinua kuta za skuli kwa nguvu zao wenyewe, wangeuliza: waliokosa kura wanarudi skuli gani, na hiyo kwa nini haitengenezwi?