Dhoruba Ikipita, Usikimbilie Shoka

BAADA ya usiku wa upepo na mvua kubwa, kitu cha kwanza kuonekana asubuhi ni mti. Mwembe uliokuwa ukitoa kivuli uani umepasuka. Tawi la mwarobaini limelala juu ya bati la jirani. Mnazi uliosimama tangu enzi za babu umeinama kuelekea jikoni. Watoto hukimbilia kuchezea matawi, mama hutafuta njia ya kupita na ndoo yake, na baba mwenye nyumba huagiza shoka.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Madhumuni ya safu yetu ya leo, ndugu msomaji, ni kukumbushana kwamba mti ulioumizwa na dhoruba unatudai mambo mawili yasiyofanana: haraka katika kuwalinda watu, na subira katika kuuhukumu mti wenyewe. Wengi wetu huyageuza. Tunawaacha watoto wazunguke chini ya tawi linaloning'inia, kisha tunaukata shinani mti ambao ungeweza kuishi.

Watu wa pwani si wageni wa balaa hili. Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, 1952, kimbunga kingine kiliikumba Lindi. Mwezi Mei, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Lakini hatuhitaji kimbunga chenye jina. Upepo wa saa moja wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa chepechepe, watosha kuung'oa mti mkubwa.

Watu kwanza

Kabla ya kugusa tawi lolote, tazama juu, kisha tazama chini. Unatafuta waya wa umeme. Waya ulioanguka, au tawi lililoulalia waya, uhesabiwe kuwa una umeme hata kama mtaa mzima umo gizani, kwa maana umeme waweza kurudishwa wakati wowote. Mti mbichi na ardhi yenye maji hupitisha umeme. Kaa mbali, angalau hatua kumi na tano, waonye majirani, na uwaarifu TANESCO. Kazi hiyo si ya panga lenye mpini wa mbao wala si ya kijana shupavu wa mtaa. Mtu akinaswa chini ya mti au ndani ya nyumba iliyoangukiwa, piga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Hatari ya pili ni tawi lililovunjika lakini halijaanguka. Laweza kukaa juu siku tatu, kisha likashuka siku isiyo na upepo wowote. Zungushia kamba eneo lote la chini yake na uwakataze watoto kupita.

Hatari ya tatu haionekani kwa urahisi. Tawi lililopindwa na kubanwa chini ya shina ni kama upinde uliovutwa. Ukilikata mahali pabaya hufyatuka na kumpiga mkataji. Vivyo hivyo mti uliong'oka na mizizi yake. Shina likikatwa, kile kisiki chenye udongo chaweza kurudi shimoni kwa kishindo, na ole wake mtoto aliyeingia humo kucheza. Tena, kama ua wako ni wa minyaa, jihadhari na utomvu wake mweupe, kwa sababu ukiingia jichoni hudhuru vibaya.

Hukumu ya mti

Watu wakishakuwa salama, sasa tua, tafakari. Mwaka jana jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu, aliniita nimwone mwembe wake. Tawi moja nene lilikuwa limeangukia choo na kuvunja paa. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu, "Marahaba, mwanangu. Huu niliupanda mama yao alipojifungua kifungua mimba. Sasa vijana wanasema ukatwe, utatuua."

Vijana walikuwa na haki ya kuogopa, na mzee alikuwa na haki ya kuupenda mti wake. Lakini si woga wala mapenzi vinavyopaswa kuamua. Mti wenyewe ndio uulizwe. Je, shina kuu ni zima, au limepasuka tangu pale matawi makubwa yanapogawanyika? Je, ardhi upande mmoja imeinuka na kupasuka, ishara kwamba mizizi imeachia? Je, ndani mna uvundo na unga wa kuoza? Na je, matawi yaliyopotea ni kiasi gani? Mti uliopoteza chini ya robo ya matawi yake, huku shina likiwa zima, kwa kawaida utaishi. Uliopoteza zaidi ya nusu una matumaini haba.

Mwembe wa mzee ulikuwa umepoteza tawi moja kati ya matano, na shina lilikuwa imara. Tawi lile likaondolewa, choo kikaezekwa upya, na mwembe ungali pale. Lakini ungekuwa umepasuka katikati na kuelemea chumba wanamolala wajukuu, ningekuwa upande wa vijana bila kusita. Kumbukumbu ya mti haina thamani ya kulinganishwa na maisha ya mtoto.

Kukata kunakoponya

Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi hiyo, alipasua maelfu ya miti ili kuchunguza vidonda vyake. Alionyesha kwamba kidonda cha mti hakiponi kama cha binadamu. Mti hauoteshei nyama mahali pale palipoharibika. Huzungushia ukuta sehemu iliyooza, kisha huota upya juu yake. Kazi yetu ni kutouharibu ukuta huo.

Tazama pale tawi linapotokea shinani: pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Usiuparuze ukawa sawa na shina, wala usiache kipande kirefu kama kigingi cha kuanikia nguo, kwa kuwa kipande hicho huoza na kupeleka ubovu ndani.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, maana litaanguka kabla ya kukatika na kuchuna gome hadi chini. Tumia msumeno, mikato mitatu. Wa kwanza uanzie chini ya tawi, kiasi cha futi moja kutoka shinani, uingie robo ya unene. Wa pili uanzie juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke. Wa tatu uondoe kile kipande kilichobaki, nje ya uvimbe. Baada ya hapo usipake rangi, lami, wala oili chafu ya gari, havimsaidii mgonjwa. Na kazi yoyote ya juu ya ngazi mwachie fundi mwenye kamba na ujuzi.

Jihadhari pia na fundi anayeshauri mti ukatwe kichwa chote, ubaki nguzo. Machipukizi yatakayoota pale juu yatakuwa mengi na yenye haraka, lakini yameshikilia juu juu tu. Baada ya miaka michache ndiyo yatakayoshushwa na upepo. Umelipia hatari mpya.

Mti mchanga na mnazi

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mti mchanga ulioinama, wenye shina lisilozidi unene wa mkono, waweza kuinuliwa siku hiyo hiyo kabla mizizi haijakauka. Chimba upande ilikotoka mizizi, uinue taratibu, rudisha udongo na umwagilie. Simika vigingi viwili na uufunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, wala si kwa waya, ambao huukaba. Baada ya mwaka mmoja ondoa vigingi. Mti mkubwa uliong'oka usijaribu kuuinua. Hata ukisimama, mizizi yake imekwisha katika.

Mnazi una sheria yake. Hauna matawi, na uhai wake wote umo katika kilele kimoja. Ukipoteza makuti mengi lakini kilele kikabaki kizima, ungoje, utatoa mengine. Kilele kikivunjika, mnazi huo umekufa na haufai kuachwa umesimama. Gogo lake nalo lisiachwe kuozea shambani, kwani humo ndimo huzaliana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, atakayeishambulia minazi iliyo hai. Lipasue mbao au lichome.

Kabla ya masika yajayo

Mara nyingi mti ulioanguka uliuawa na sisi wenyewe zamani. Tulichimba msingi wa ukuta au mtaro wa bomba tukakata mizizi ya upande mmoja. Tulichomea taka shinani mwaka baada ya mwaka. Tulimwaga saruji hadi kwenye gome. Upepo ulikuja kukamilisha tu. Kagua miti yako wakati wa kiangazi, ondoa matawi makavu, na panda mipya mbali na nyaya, msingi na shimo la choo.

Na kama mti wako unaelemea kwa jirani, mwendee kabla upepo haujamwendea. Afisini kwa serikali ya mtaa ulizia kibali cha kukata. Kisha kusanyeni nguvu: mmoja alete msumeno, mwingine kamba, wa tatu mkokoteni, na kuni zigawanywe kwa haki. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na katika mitaa yetu nyenzo ya kwanza ni jirani.