Mapenzi ya Kifantasia Nayo Yana Hukumu Yake

Imani iliyoenea miongoni mwa walimu, wazazi na hata baadhi ya wahakiki ni kwamba msomaji anayebishana kuhusu nani alistahili kumpenda nani katika riwaya ya kifantasia, yaani riwaya inayojengwa juu ya uchawi, majini na nchi zisizokuwepo, anapiga umbea tu, kwa kuwa ulimwengu ambamo watu huruka bila mbawa hauwezi kudaiwa mapenzi yenye mantiki. Imani hii ni potofu popote, na katika Sotik, kwenye mashamba ya chai ya Kaunti ya Bomet, ni ya kushangaza zaidi, kwa sababu huko ndoa haikuwahi kuwa shauri la wawili peke yao.

Miongoni mwa Wakipsigis wa huko, koito, yaani kikao cha familia mbili cha posa na mahari, hakikuwa karamu tupu. Wazee walichunguza koo za pande zote mbili, wakaangalia pia ipinda, yaani rika la waliotahiriwa katika kipindi kimoja, kwa maana mwanamume hakuruhusiwa kumwoa binti wa mwenzake wa rika hata kama koo zao zilikuwa mbalimbali. Mapenzi yalipimwa kwa historia iliyoyazunguka, na kipimo hicho ndicho anachokishika msomaji wa fantasia, ijapokuwa wachumba wake ni wa kubuni.

Mfano ulio wazi ni Children of Blood and Bone, riwaya ya mwaka 2018 ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyofungua mfululizo wa vitabu 3 uliokamilika mwaka 2024. Zélie, ambaye mamake aliuawa katika msako ulioamriwa na Mfalme Saran dhidi ya wenye uchawi, anaanza kumpenda Inan, mwana wa mfalme huyo huyo, ambaye alikuwa akimwinda. Wasomaji wengi wamelalamika kwamba penzi hilo limeharakishwa, na lalamiko lao linahusu motisha, yaani sababu za ndani zinazomsukuma mhusika kutenda: mwandishi amejenga chuki yenye damu ndani yake, kisha akaivunja kwa wepesi usiolingana na uzito wake. Anayemtetea, akisema kwamba Inan aliweza kuyahisi maumivu ya Zélie kwa uchawi wake mwenyewe, naye anahakiki. Huo si umbea. Wazee wa koito wangeuliza lile lile, na huenda wasingeridhika na jibu la uchawi.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alimshauri mtunzi achague lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko linalowezekana lisiloaminika. Msikilizaji wa ngano za Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, hulikubali chemosit, zimwi nusu mtu nusu ndege, lenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa, lakini hawezi kukubali mama amwachie zimwi hilo mwanawe bila sababu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, msomaji hawaulizii ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Huuliza kama ni haki Adili alazimishwe kuwapiga kila usiku. Shule huusifu mjadala huo kwa kuwa unahusu uadilifu, lakini mjadala ukigusa mapenzi huitwa upuuzi, utadhani mapenzi hayana uadilifu ndani yake.

Wala neno la mwandishi halifungi kesi. J. K. Rowling, aliyetoa vitabu 7 vya Harry Potter kati ya 1997 na 2007, alikiri mwaka 2014 kwamba aliwaunganisha kimapenzi wahusika wake Hermione na Ron kwa sababu zake binafsi kuliko kwa mahitaji ya hadithi, jambo ambalo baadhi ya wasomaji walikuwa wakilidai kwa miaka huku wakichekwa. Mwalimu anayemkataza mwanafunzi kubishana juu ya Zélie na Inan, kisha akamtungia swali la mtihani la kumjadili mhusika, anamnyima mazoezi ya kazi ile ile anayomtaka aifanye.